Vumbi Lililohesabiwa Mara Mbili

Idara nzima ya fizikia ilimwita Mpwa. Kuanzia mkuu wa idara hadi mhudumu wa usafi, hakuna aliyetumia jina lake, na ilifika mahali hata yeye akawa hageuki akiitwa kwa jina. Lawama zote ni za mjomba wake. Siku Mpwa alipoajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti, mjomba alisimama katikati ya chumba cha walimu, akamshika begani, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Huyu ni mpwa wangu. Naomba asipewe upendeleo wa aina yoyote." Wenzake wakacheka. Kumbe mzee hakuwa anatania. Meza aliyompa ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na ripoti yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu kama shati la mtu aliyetokwa na damu puani.

Mjomba mwenyewe alijulikana kama Mzee Kasi. Majirani waliosikia jina hilo walidhani ujanani alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba maisha yake yote alikuwa akipima kitu kimoja: galaksi zinazaa nyota kwa kasi gani. Galaksi ni kundi kubwa la nyota zisizohesabika, na hii tunayokaa sisi ni moja tu kati ya nyingi. Zipo ambazo kwa mwaka hutengeneza nyota mpya zenye uzito wa jua moja au mawili, kama hii yetu. Zipo zinazotengeneza mamia. Na zipo ambazo zimeshaacha kabisa, zimebaki na nyota kuukuu zinazofifia taratibu kama makaa.

Sasa mtu atapimaje kitu kilicho mbali namna hiyo? Mzee Kasi alikuwa na mfano wake, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliujua kwa moyo.

"Umetumwa mtaani kuhesabu watoto wachanga," angeanza, "lakini ni marufuku kubisha hodi. Unapita barabarani tu. Utafanyaje? Angalia kamba za nguo! Ukiona nepi, ujue kuna mtoto, tena wa juzi juzi, maana nepi hazianikwi miaka kumi."

Nepi zake zilikuwa nyota kubwa za buluu. Hizo huwaka kwa fujo na kufa mapema, kwa hiyo ukiupata mwanga wake mkali, ule wa urujuanimno usioonekana kwa macho, unajua zimezaliwa karibuni.

"Sasa kuna nyumba zina ukuta mrefu," angeendelea. "Ukuta ndio vumbi la angani. Nepi huzioni. Lakini kilio utakisikia!" Kilio ni joto. Vumbi likiumeza mwanga wa nyota changa, hupata joto, na joto hilo hupokelewa na darubini za aina nyingine. "Kwa hiyo una njia mbili. Ama uhesabu nepi unazoziona, uongeze na vilio unavyovisikia. Ama ukadirie nepi zilizojificha nyuma ya ukuta, na vilio uachane navyo. Chagua moja! Ukikadiria nepi za nyuma ya ukuta, halafu ukaongeza na vilio, umemhesabu mtoto yule yule mara mbili. Mama yake atakuja kukuuliza pacha umempeleka wapi."

Mpwa aliusikia mfano huo mezani, wakati wa kula, akiwa bado shule ya msingi, kabla hajajua galaksi ni mdudu gani. Mama yake alikuwa amefariki, na mjomba, aliyekuwa mdogo wake marehemu, alikuja na begi tupu, akapakia nguo za mtoto, akamchukua akaishi naye. Mke wa mjomba alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Alimpima kwa futi siku hiyo hiyo, akamshonea gauni, na kuanzia hapo Mpwa akamwita Mama. Watoto wawili wa kiume wa nyumba ile walikua, wakaoa, wakahamia mbali. Aliyebaki ni Mpwa. Alisoma alichosomea mjomba, akafika hadi udaktari wa falsafa, akarudi kukaa kwenye meza ile ya mguu mfupi, wakitazamana.

Dalili ya kwanza ilichekesha. Mzee Kasi aliingia darasani akatoa mhadhara wa wiki iliyopita, neno kwa neno, utani kwa utani. Wanafunzi hawakuthubutu kusema kitu. Walidhani ni mtego wa mtihani, wakaandika yote upya na kupiga mistari chini ya kila kitu.

Dalili ya pili haikuchekesha. Wakati huo walikuwa wanamalizia utafiti wao mkubwa kuliko yote, wa galaksi zenye vumbi jingi, kwa vipimo vya darubini iliyo juu ya mlima nchi ya mbali, ambayo vyuo kadhaa viligawana muda wake. Asubuhi moja Mpwa alifungua jedwali kwenye kompyuta, akakuta galaksi moja waliyoizoea, ya kawaida kabisa, kasi yake imekuwa mara mbili ya ilivyokuwa Ijumaa. Galaksi hazina haraka hiyo. Kilichoruka ni hesabu.

"Profesa," akasema, maana ofisini hakumwita mjomba, "hii hapa tumeshaisahihisha vumbi, tukakadiria mwanga uliofichwa, halafu tumeongeza na joto."

Mzee akasogea, akaangalia. Akajipiga kofi la paji la uso. "Lo! Mtoto kahesabiwa mara mbili! Uzee huu, Mpwa. Futa, futa."

Wakacheka. Siku chache baadaye zikawa galaksi kumi. Mpwa akasema tena, kwa upole zaidi. Safari hii mzee hakujipiga kofi.

"Nani kakwambia kuwa hilo ni kosa?"

"Wewe, Profesa."

"Mimi?" Akamtazama kana kwamba ametajiwa mtu asiyemfahamu.

Tangu hapo Mpwa akawa anawahi ofisini kabla ya mjomba, anafungua kompyuta, anarudisha kila namba mahali pake. Mchana mjomba anafuma, asubuhi mpwa anafumua. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi?

Alhamisi moja jioni Mama alimwita kwenye chumba cha kushonea, akarudisha mlango. Sebuleni mzee alikuwa anasikiliza redio. Mama akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga ili mlio ufunike maneno.

"Mjomba wako kaniuliza jana dada yake atakuja lini."

"Dada yake yupi?" Mpwa akauliza, ingawa mzee alikuwa na dada mmoja tu maisha yake yote, na huyo ndiye aliyemzaa Mpwa.

Mama aliendelea kukanyaga. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, na chini yake hakukuwa na kitambaa.

Wakampeleka hospitali. Mzee hakukataa. Alisema anakwenda kupima macho. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, aliyezungumza polepole bila kumfanya mtu ajione mtoto. Akamwomba mzee atoe saba kwenye mia, kisha aendelee kutoa saba kila mara. Mzee alishuka kwenye namba hizo kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake, akafika chini, akamuuliza daktari kama anataka apande tena. Mpwa na Mama wakatazamana. Tumaini likawapanda kichwani kama soda.

"Vizuri sana," daktari akasema. "Na yale maneno matatu niliyokutajia mwanzoni?"

"Maneno gani?"

"Nilikutajia maneno matatu, nikakuomba uyaweke kichwani."

"Hujanitajia maneno, kijana wangu." Akamgeukia mkewe ampe ushahidi. "Mama watoto, huyu kanitajia maneno?"

Ua, meza, ufunguo. Mama aliyakumbuka yote. Akainamia sakafu.

Baadaye daktari alieleza. Ubongo unanyauka pole pole. Dawa zipo, kwa baadhi ya watu hupunguza makali kwa muda, lakini ya kuponya hakuna. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkoba wake ukiwa magotini.

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Mkae naye, mama."

"Kukaa naye nimekaa naye tangu msichana. Nauliza tufanye nini."

Daktari akaokota kalamu yake mezani, akaishika kidogo, akairudisha pale pale.

Walipokuwa kwenye benchi wakisubiri dawa, mzee alisema jambo ambalo Mpwa hakulitegemea. Kumbe alikuwa ameelewa. Siku hiyo alikuwa nao, mzima mzima, na hilo ndilo lililouma.

"Kongamano liko mwezi ujao," akasema. "Niachieni hilo tu. Nisimame mara moja nieleze kazi yetu, basi. Baada ya hapo nifungieni hata kabatini. Ila mpaka siku hiyo, pale idarani msiseme."

"Hatusemi," Mama akasema.

"Mpwa?"

"Sisemi, Mjomba."

Mwezi ule Mpwa alifanya kila kitu mtu anachoweza kufanya. Alipiga hesabu za kila galaksi upya, akachora grafu, akapanga slaidi, akakaa na mjomba mchana baada ya mchana wakirudia maelezo. Mengine aliyashika, mengine yalimwagika kama maji kwenye chekecheke. Lakini alipokuwa vizuri alikuwa vizuri kweli, na Mpwa akajipa moyo kwamba siku moja tu, saa moja tu, si kitu kikubwa cha kuomba.

Asichojua ni kwamba asubuhi ya kongamano, wakati wa chai, mzee alifungua kompyuta yake, yenye slaidi zote, mezani nyumbani. Mama alimwona, akafurahi, maana alikuwa na uso mkunjufu ambao haujaonekana siku nyingi. "Unafanya nini?" alimuuliza. "Narekebisha kidogo," mzee akajibu.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wageni wa vyuo vingine, wenye kamati ya kuamua nani aendelee kupewa muda wa darubini. Mzee Kasi alivaa koti la kijivu ambalo Mama alikuwa amelipunguza mabegani, kwa sababu mwenye koti alikuwa anapungua. Alianza vizuri. Sauti ile ile, mikono ile ile inayochota hewa. Mpwa alikaa pembeni kuendesha slaidi, na taratibu mabega yake yakaanza kushuka. Ndipo ikatokea grafu kuu.

Haikuwa grafu aliyoichora yeye. Galaksi zote za vumbi zilikuwa zimepanda juu, kama kuku waliofukuzwa wakarukia paa. Akajua papo hapo. Afanye nini? Azime kompyuta? Apige kelele za moto? Alikaa tu, kidole juu ya kitufe, huku mjomba wake akieleza kwa furaha kwamba galaksi hizi zinazaa nyota kwa kasi maradufu ya ile iliyodhaniwa na watu wote.

Mgeni mmoja mwenye sharubu, mtu wa heshima zake, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Profesa. Pengine ni mimi sijaelewa. Hapo mmesahihisha vumbi, halafu mkaongeza na joto la vumbi hilo hilo?"

Mzee akageuka kuitazama grafu. Mpwa alimwona anavyotafuta. Macho yalipita kwenye nukta, yakapita kwenye namba, yakashuka kwenye mikono yake mwenyewe kana kwamba jibu alikuwa amelishika na sasa halimo. Nyuma mtu akakohoa. Mwingine akaanza kunong'ona.

"Ni kosa langu," Mpwa akasema.

Alikuwa ameshasimama kabla hajajua kuwa amesimama. "Jedwali nililiandaa mimi. Nimelihesabu vumbi mara mbili. Profesa hakuliona mpaka sasa."

Mzee akamgeukia. Kwanza uso ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu ukakaza.

"Umelihesabu vumbi mara mbili?"

"Ndiyo, Profesa."

"Wewe?"

"Ndiyo. Samahani sana."

Mzee akatikisa kichwa. Akaacha kipaza sauti mezani, akasogea mbele karibu na watu, akakunja mikono ya koti. "Wageni wangu," akasema, "mwanafunzi akikosa, aliyekosa ni mwalimu. Naomba nimfundishe upya mbele yenu. Umetumwa mtaani kuhesabu watoto wachanga, lakini ni marufuku kubisha hodi..."

Hajawahi kufundisha vile. Wote waliokuwepo wanasema hivyo mpaka leo. Alitembea mtaani, akachungulia kamba za nguo, akasimama nyuma ya ukuta akatega sikio, akamwigiza mama wa mtoto anavyodai aonyeshwe pacha. Ukumbi ulivunjika mbavu. Yule mgeni mwenye sharubu alifuta machozi kwa leso. Na kila alipofika penye kosa, mzee alinyoosha kidole pembeni, kwa Mpwa, akasema, "Kama huyu!" na watu wakacheka tena, na Mpwa akawa bado amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Alipomaliza walimpigia makofi kwa kusimama. Mpwa naye alipiga makofi. Alikuwa analia na anapiga makofi, na waliomwona walidhani ni aibu.

Alidhani yameishia hapo. Mtu anayesahau kama amekunywa chai atakumbukaje maneno ya ukumbini? Lakini ugonjwa ule hauna adabu. Ulifuta mlo wa jana, ukafuta kifo cha dada, ukafuta majina ya wajukuu, ukaacha jambo moja limesimama peke yake kama nguzo ya nyumba iliyobomoka: Mpwa alihesabu vumbi mara mbili, akamwaibisha mbele ya wageni.

"Nimemlea mwenyewe," alimwambia Mama usiku ule ule, naye akisikiliza huku ameushika mdomo wake. "Nimemlea, nimemsomesha, hana umakini. Sijui nilikosea wapi."

Wiki iliyofuata mkuu wa idara, mama mmoja wa maneno machache, alimwita Mpwa ofisini.

"Mzee kaja kwangu. Anataka msaidizi mwingine."

Mpwa alikuwa ameapa kutosema. Lakini kongamano lilikuwa limepita, na kiapo kilikuwa cha mpaka kongamano. Akasema yote. Hospitali, majedwali, ile grafu. Mkuu alimsikiliza mikono ikiwa imekunjwa.

"Nilikuwa nahisi," akasema mwishowe. "Sasa, Mpwa, ukumbi mzima umekusikia kwa masikio yao. Nikitoka hapa nikisema siyo wewe, wataniuliza nani. Unataka niwaambie?"

Mpwa akafikiria lile koti la kijivu na watu waliosimama wakipiga makofi.

"Hapana."

"Basi na mimi sina la kufanya."

Hakuwa mtu mbaya. Alilisema kwa huzuni, hata akainuka kumfungulia mlango. Lakini mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kamati ilikaa, ikaona kwamba hesabu za idara ile hazina mtu makini wa kuzisimamia, muda wa darubini ukapewa chuo cha yule mgeni mwenye sharubu. Wao wakazipima galaksi zile zile, wakapata kasi zile zile ambazo Mpwa alizipata tangu mwanzo kabla ya asubuhi ile ya chai. Wakachapisha. Mpwa aliisoma makala yao akiwa amesimama kwenye korido. Ilikuwa kazi safi. Hakuwa na neno la kulalamikia hata moja. Yeye alipangiwa maabara ya mwaka wa kwanza, kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kupima kasi ya gololi kwenye ubao wa mteremko.

Mara moja tu alijaribu. Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani, na mzee aliamka na akili zake, anauliza habari za watu, anacheka mahali pa kucheka. Mpwa akaona hii ndiyo nafasi. Akaleta kompyuta, akaketi naye kwenye kochi, akamwonyesha jedwali la kabla na jedwali la baada, hatua kwa hatua, kama mjomba alivyomfundisha. Mzee alifuata. Alivaa miwani, akafuata kila mstari kwa kidole.

"Hii imerekebishwa asubuhi ya kongamano," akasema.

"Ndiyo."

"Kwenye kompyuta yangu."

"Ndiyo, Mjomba."

Alirudi mstari wa kwanza, akaufuata tena. Kisha akavua miwani. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Na wewe ukasimama." Uso wake ulifanya kitu ambacho Mpwa alikuwa hajawahi kukiona tangu msiba wa mama yake. Mzee akamshika mkono akaung'ang'ania, analia kama mtoto, anarudia, "Nisamehe mwanangu, nisamehe," na Mpwa akawa anambembeleza, "Yameisha, Mjomba, yameisha," huku Mama amesimama mlangoni na mkasi mkononi, hajui aingie au aondoke.

Wakamwosha uso. Wakamlaza kidogo. Alipoamka, Mama akaleta chai. Mzee akapuliza kikombe, akamtazama Mpwa, akauliza kwa upole wa mwalimu asiyetaka kumkatisha mtu tamaa:

"Na ile hesabu ya vumbi? Siku hizi unaiweza?"

Mama akakiweka chini kikombe chake. Mpwa akasema, "Najitahidi, Mjomba."

Hakujaribu tena. Ukweli ulikuwa umemuumiza mzee saa nzima, halafu ukaondoka bila kuacha hata alama. Angemwambia kila Jumamosi, kila Jumamosi ingekuwa habari mpya na kilio kipya, na jioni wangekuwa pale pale. Mtu anaweza kubeba kosa lisilo lake. Kuna siku Mpwa alilibeba bila shida, hata akalitania mwenyewe na wenzake wa maabara. Kuna siku nyingine alifunga mlango wa stoo ya vifaa, akakaa katikati ya mizani na waya, akawaza kwamba mtu pekee duniani ambaye sifa yake aliitaka ndiye mtu pekee aliyeamini kwa moyo wote kwamba yeye ni mzembe.

Idara ilimstaafisha mzee kimya kimya, kwa heshima, kukawa na hotuba na keki. Wanawe walikuja, wakakaa siku mbili, wakalia, wakarudi kwao. Mama aliendelea kushona, ila kidogo, kwa sababu kila baada ya mshono ilimbidi ainuke kwenda kuangalia mlango wa nje. Mpwa alihamia chumba chake cha zamani. Alisema ni kwa sababu ni karibu na kazini, na Mama alijifanya ameamini.

Mwaka uliofuata mzee aliacha kumlaumu. Si kwamba alimsamehe. Alikuwa amemsahau. Alimwita dada, mara nyingine nesi, mara nyingine alimuuliza kwa adabu zote kama amekuja kuchukua sare. Mpwa aliwahi kudhani kwamba hilo kosa likisahaulika atapumua. Lilipoondoka liliondoka na yeye mwenyewe.

Siku za jua walimtoa uani, kwenye kiti chake kikubwa cha mbao, kizito, cha mikono mipana, alichokipenda. Siku moja mchana alikuwa ameketi hapo, na wingu likaja upande wa nyuma ya nyumba bila mtu kuliona. Tone la kwanza lilimwangukia kwenye goti. Mpwa akatoka mbio.

"Mjomba, tuingie ndani. Mvua."

Mzee akashika mikono ya kiti. Hataki. Mama akaja, akambembeleza kwa lugha yao ya miaka yote. Hataki. Wakajaribu kumwinua, akajifanya mzito kama wanavyojifanya watoto. Wakasema basi tunyanyue kiti na yeye juu yake. Mmoja huku, mwingine kule, wakahesabu, wakavuta. Kiti kikasogea upana wa kiganja, kikatia mguu kwenye udongo laini, kikakwama. Mama akashika kiuno chake, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka kabisa. Mpwa naye akacheka. Jirani wa kuwasaidia hakuwepo. Mvua ikaanza kushuka kwa nguvu.

Mama alikimbia chumba cha kushonea, akarudi na nailoni kubwa ya kufunikia vitambaa. Wakaikunjua juu ya mzee, Mama ameshika ncha mbili upande huu, Mpwa ncha mbili upande ule, mikono juu. Maji yakajaa katikati ya nailoni, wakayamwaga pembeni, yakajaa tena. Nguo ziliwaganda mwilini. Mikono ilichoka, wakaishikilia vile vile.

Chini ya nailoni mzee alikuwa mkavu, ametulia, anatazama mvua. Baadaye akainua macho, akawaona wale wanawake wawili, akashangaa kweli.

"Nyie mbona mnalowa?" akasema. "Ingieni ndani, jamani."

"Tunaingia, Mjomba," Mpwa akajibu, akaipandisha nailoni juu kidogo.